Kwa nini programu kuukuu hudumu mfumo wa kompyuta unapobadilishwa

MWENYE duka la pembejeo mjini Nakuru au Njoro, anayetumia kompyuta yenye mfumo wa Linux, ana haki ya kuingiwa na wasiwasi anapoambiwa aweke toleo jipya. Je, programu ya mauzo iliyoandikwa miaka mingi iliyopita itaendelea kufanya kazi?

Chukua programu yenye sehemu mbili: moja hupokea mauzo, nyingine hupunguza hesabu ya mbolea ghalani. Kila moja ina kumbukumbu yake isiyoguswa na mwenzake, hivyo huwasiliana kupitia kiini cha mfumo, mithili ya karani wa posta. Kila aina ya ombi ina nambari.

Katika kompyuta za Intel za biti 32, nambari 117 ilibebeshwa foleni za ujumbe, kumbukumbu ya pamoja na semafori, mrundikano usiopendeza hata kidogo. Mwaka 2019, toleo la 5.1 lilizipa kazi hizo nambari mbalimbali, lakini 117 haikufutwa. Msimamo wa Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, ni kwamba badiliko la kiini likiharibu programu za watumiaji, kosa ni la kiini.

Uvumilivu huo hautibu kila kitu. Programu inayohesabu sekunde kwa biti 32 itaishiwa na nafasi Januari 19, 2038. Toleo hilo la 5.1 lilileta miito mipya ya saa, ila sharti programu ijengwe upya ili iitumie, na si kila duka lililohifadhi msimbo asilia.