Klimatizeri ndani ya Hiace: tulihesabu mbele ya kununua



Hapa Kamina mimi na mwenzangu tuko na Hiace nzee, motere ilikufa zamani. Tuliifanya sekretaria: komputa mbili, printa, na watu wanakuja kuchapa TFC zao. Shida ni mwezi wa tisa na wa kumi, mvua ikikawia. Bati linakuwa sawa furu, komputa zinajizima, mteja anatoka jasho anaenda kwingine.

Mwenzangu akaona klimatizeri ya okazioni. “Yaya, tutoe makuta ya likelemba, tuinunue leo.” Makuta yale yalikuwa ya watu wanane! Nikamuomba siku moja ya kuhesabu.

Ile 9.000 BTU yenye imeandikwa juu yake si umeme inayokula. Ni joto inayotoa ndani ya chumba kwa saa moja, sawa na wati 2.600 hivi. Umeme ni kidogo: ya inverta inakula wati 700 ao 800 ikianza, halafu chumba kikipoa inashuka mpaka 300 hivi. Ile ya okazioni haikuwa ya inverta. Kompresa yake inazima kabisa na kuwaka tena, na kila ikiwaka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Konvertiseri ndogo haivumilii. Tukaiacha.

Halafu dari. Juu ya Hiace panaingia pano tatu za wati 400, tena kwa kubanana. Usiamini 1.200. Namba ile inapimwa pano ikiwa na joto ya digrii 25, na juu ya bati saa sita mchana inaweza kupita 60. Sisi tulihesabu 900.

Batri njo inatisha watu bei. Lakini Kamina iko juu, karibu metre 1.100, usiku baridi inakuja yenyewe. Tunataka klimatizeri paka saa tano mpaka saa kumi, na jua liko palepale kuilisha. Batri ni ya mawingu ya kupita: lithium ya volti 24, Ah 100, ni kama wati-saa 2.500. Ya asidi ya kipimo kile ungetumia nusu tu, juu ukiimaliza kila siku inakufa mapema.

Kazi yenye ilisaidia zaidi haina hata waya. Tulibandika frigoliti ya sentimetre 3 ndani ya bati lote, tukafunika vioo, na pano tukaziinua vidole vinne ili upepo upite chini. Zenyewe zinatia kivuli. Klimatizeri ya inverta tuliifunga kisha.

Printa ya laser ikipasha moto inavuta karibu wati 1.000, kwa hiyo TFC nene tunachapa asubuhi. Siku za mvua ya mwezi wa kumi na mbili tunazima klimatizeri, tunafungua milango.