Nganya Inatoshea Kwa Meza

Kuna wasee Nairobi wako na nganya na hawajawahi lipa bima hata siku moja. Hawana dere, hawana makanga, na hakuna karao anaweza waomba kitu. Gari yenyewe ni sentimita 29, iko juu ya kabati hapo kando ya TV, na ukigusa swichi chini yake inawaka kama mat ya Rongai ikitoka tao Furahiday usiku. Hao ndio majamaa wa modeli. Kama bado unadhani ni story ya watoto na matoi, tulia kidogo.

Hiyo 29 si ya kubahatisha. Wasee wa modeli dunia nzima wanapenda skeli ya 1/24, yaani kila kitu kwa gari ya ukweli unagawanya na 24. Mat ya mita saba inashuka hadi hapo kwa 29. Mlango wa mita 1.8 unakuwa sentimita saba na nusu. Herufi ya grafiti yenye ilikuwa sentimita 24 kwa bodi inabaki moja tu, na hapo ndipo wengi huinua mikono, juu brashi ya kawaida haingii. Wenye wamezoea wanachora na ncha ya kijiti cha meno.

Wajapani walichukulia hii kitu siriasi kitambo. Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka, wakiunda Porsche 934 ya skeli ya 1/12 iliyotoka 1976, walinunua Porsche 911 ya ukweli wakaifungua yote ndio waone vile imeshikana. Ukinunua boksi yao, hiyo kazi umeshafanyiwa: vipande vinakuja vimepangwa kwa fremu ya plastiki, yako ni kukata, kusugua, kubandika na kupaka. Na si ati Kenya haimo kwa hayo maboksi. Hasegawa, pia wa Japani, wako na 1/24 ya ile Datsun 240Z Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally ya 1971. Gari ilikula vumbi ya huku ikapata boksi Japani. Lakini boksi ya Isuzu NQR ya grafiti, na makanga amening'inia mlangoni? Tafuta hadi soli ziishe.

Kwa hivyo msee wa mtaa lazima kwanza ajiundie boksi. Anaenda steji, anasimama kando ya nganya kama abiria hana haraka, anapiga picha za ubavu, mbele, nyuma. Rada ni moja: simama mbali halafu uvute na zoom, juu ukikaribia sana simu inadanganya, gari inatokea imefura katikati. Anaomba dere apime kitu moja tu na tepi, kama upana wa mlango. Zingine zote anazihesabu kutoka kwa picha akiwa keja. Hapa ndipo utajua nani ni msee wa modeli wa ukweli. Ukiona ka-nganya kazuri lakini magurudumu yanakaa ya trekta, ujue jamaa alirukia penti kabla ya hesabu.

Bodi ya kwanza huwa katoni, na hakuna aibu hapo, inapatikana bure kwa kila duka. Shida ya katoni ni kukunywa penti: kona zinafura, kuta zinajikunja. Ukiiva unahamia forex, ile bodi nyepesi ya plastiki mafundi wa mabango hutumia. Usikate na nguvu, pitisha kisu mara kadhaa mahali pamoja. Ukitaka paa ijikunje vizuri pale juu ya kioo, pulizia joto ya bloo-drai hadi ilainike, ushikilie kwa chupa ya mviringo hadi ipoe. Vioo ni ile plastiki safi ya kubaindi vitabu, unaitoa saiba. Lakini skiza, usiguse kioo na supaglu. Ule moshi wake hauonekani, ila asubuhi utapata dirisha zote zimepata ukungu mweupe, na huo ni ngumu kutoa. Kwa vioo ni gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa safi kama maji.

Penti ni msasa kwanza, spray baadaye, nyembamba nyembamba, ukingoja kila moja ikauke. Ile ya kung'aa-ng'aa wacha. Vile vipande vya kumeta ni vidogo kwa gari kubwa, kwa hii ya 1/24 vinakaa kokoto. Ukitaka mng'aro wa laini ndogo, omba siz yako cutex.

Sasa taa. Huku ndiko wengi hupotelea, na huku ndiko mi husimama kwa muda mrefu nikicheki kazi ya mtu. Luthuli Avenue, huko tao, utapata LED za kila rangi, swichi na waya nyembamba. LED nyekundu inataka volti kama mbili, bluu na nyeupe zinataka kama tatu. Ukizifunga zote sambamba kwa waya mbili na rezista moja, nyekundu inawaka peke yake na bluu inabaki giza, juu ile ya volti kidogo inabana stima ya wengine wote. Si ati umeuziwa mbovu. Kila taa ipewe rezista yake: kwa betri ya volti tisa na LED nyeupe, ile ya 330 inatosha fiti. Bila rezista inachomeka papo hapo. Wale wa mkanda wa LED wa volti 12 wakumbuke unakatwa tu pale kwa alama, kila baada ya taa tatu, ukikata kwingine hicho kipande kimekufa.

Na hata ukizijua zote, punguza. Modeli yenye inawaka kila mahali haionyeshi kitu, macho hayana pa kutulia. Taa za sakafu, screen moja, za nyuma, basi. Acha grafiti iongee.

Kuna pia mbogi ya wadogo zaidi, ya 1/64, wale wa Hot Wheels. Hizo Mattel walianza kuziuza 1968, zikiwa gari 16 tu, na leo utazipata hadi kwa lundo za matoi ya mitumba. Unatoboa riveti chini, unaifungua, unaondoa penti ya kampuni hadi chuma, unabadilisha rimu na kuipa luku yako. Ni kazi ya wikendi moja na keja ndogo haikuzuii.

Mi lakini moyo wangu uko kwa mtu mwenye ameunda Nissan ya abiria 14 ya enzi za waziri Michuki, ile nyeupe, na ubavuni ile laini ya njano yenye sheria ililazimisha kuanzia 2004. Wengi wanaiona inaboo. Haina grafiti ya kuficha kona mbaya wala taa za kuhadaa macho, kila mkato mbovu unaonekana hapo wazi. Akiweza hiyo, hata hii ya madoido ataweza.

Doh iko pia, tusijifanye. Wenye mats na madere hupenda modeli ya gari yao wenyewe, ya kuweka hapo kwa dashibodi ama ofisini. Noma ni kwamba nganya hubadilisha ngozi: leo ina sura ya msanii huyu, baada ya miezi kadhaa imeingia karakana, inatoka na ya mwingine. Unaweza kuwa bado unapaka mlango na gari imeshahama. So ukipewa kazi, kubaliana mapema ni grafiti gani, picha zipigwe siku hiyo hiyo, na chapaa ya vifaa itangulie. Akirudi akitaka ile mpya, hiyo ni kazi ingine.