Dada Aliyebaki na Mama

Ndugu askari, wewe ukiwa lindoni, nani humwuguza mama mwenye saratani ya titi? Mara nyingi ni dada yako. Ndiye ampelekaye Taasisi ya Saratani pale Mulago, ndiye achotaye maji, kwani mkono wa upande uliopasuliwa waweza kuvimba. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini Uganda ilipoharibika, wagonjwa kadhaa walipelekwa Nairobi. Safari kama hiyo humwachisha binti shamba na watoto wake mwenyewe. Fedha unazotuma hupokewa kwa shukrani. Lakini je, umemwuliza kama yeye amepimwa? Binti wa mama mwenye ugonjwa huo yumo katika hatari karibu mara mbili ya wanawake wengine.