Lenzi Pacha za Stereo Realist

Ukiitazama Stereo Realist kwa mbele utahesabu lenzi tatu. Mbili za pembeni ndizo zinazopiga picha, moja kwa kila jicho; ile ya katikati ni ya kulengea tu. Kamera hii ilitengenezwa na kampuni ya David White ya Milwaukee, Marekani, kuanzia 1947 hadi 1971, na anayetaka kuingia katika ukusanyaji wa kamera za stereo namshauri aanze nayo. Si adimu hata kidogo, na hilo ni jema: bado zinapatikana, na aliye tayari kufungua mgongo wake na kutazama ataelewa karibu kila kitu kilichomo.

Macho yetu yameachana kwa milimita 63 hivi, kwa hiyo kila jicho huona tofauti kidogo na mwenzake. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha badilisha: kidole kitaruka, lakini ukuta ulio mbali utabaki pale pale. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ubongo unayoigeuza kuwa umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838 kwa michoro miwili na vioo, kabla hata ufundi wa kupiga picha haujatangazwa. Katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851 Malkia Victoria alivutiwa na kitazamio cha stereo, na punde picha za stereo zikaingia sebuleni mwa watu. Wafaransa nao walipata kamera ya Verascope ya Jules Richard katika miaka ya 1890, iliyopiga picha kwenye vioo vya milimita 45 kwa 107. Ni chombo kizuri sana, ila nakiacha kwa mkusanyaji aliyekwisha kukomaa.

Realist ilibuniwa na mhandisi Seton Rochwite, aliyejiundia kwanza kamera yake mwenyewe kisha akalipeleka wazo kwa David White. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza vyombo vya wapima ardhi, na naamini malezi hayo yanaonekana katika kila skrubu. Rais wa Marekani Dwight Eisenhower alikuwa nayo. Mchekeshaji wa sinema Harold Lloyd alipiga slaidi za stereo maelfu kwa maelfu.

Kwangu, uzuri wake mkubwa umo katika namna inavyolinda ulinganifu wa pande mbili. Kamera nyingi husogeza lenzi mbele na nyuma ili picha ikae sawa. Realist haifanyi hivyo. Ukizungusha gurudumu la upande wa kulia, kinachosogea ni filamu yenyewe, na lenzi zote mbili hubaki zilipofungwa kiwandani. Lenzi zisiposogea, hakuna itakayomwacha mwenzake.

Filamu yake ni ile ya kawaida ya milimita 35. Kila picha huchukua upana wa vitundu vitano vya pembeni, na kati ya picha ya kushoto na ya kulia hubaki nafasi ya picha mbili. Ukiisogeza filamu kwa tukio linalofuata, nafasi hizo hujazwa na picha nyingine, hata picha za matukio mbalimbali zikalala zimepishana kwenye ukanda mmoja bila kupoteza filamu. Kisha kuna hesabu nyingine ambayo wengi huipita bila kuiona. Lenzi zimeachana kwa milimita 70, lakini picha zenyewe zimeachana kwa 71.25. Hiyo milimita moja na robo inafanya kingo za slaidi zionekane kama fremu ya dirisha lililo mita mbili hivi mbele yako, na mandhari yote yakakaa upande wa pili wa dirisha. Ukimpiga picha mtu aliye karibu zaidi ya hapo, atatokeza nje ya dirisha huku bega lake likikatwa na fremu, na macho ya mtazamaji yataumia. Ndiyo maana wazoefu hawasogelei chini ya mita mbili.

Ukienda kununua, usidanganywe na ngozi inayong'aa. Fungua mgongo wa kamera, weka shata kwenye sekunde moja, vuta kikono kilicho chini ya lenzi, elekeza kamera kwenye mwanga kisha bonyeza. Matundu yote mawili lazima yafunguke na kufunga kwa pamoja. Likichelewa moja, picha moja itakuwa na giza kuliko nyingine. Punguza tundu la mwanga uone kama pande zote zinabana sawasawa. Halafu chunguza kama kuna lenzi iliyobadilishwa: kiwandani zilichaguliwa mbili mbili zenye urefu wa fokasi unaolingana, na lenzi ya kuazima kutoka kamera nyingine hutoa picha kubwa au ndogo kidogo kuliko ya mwenzake. Hitilafu hiyo hairekebishiki kwa kusafisha.

Kuvu ndiyo adui wa sisi wa pwani. Joto na unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam huiotesha ndani ya lenzi kama nyuzi nyembamba za kijivu, na ikikaa sana huula utando wa kioo. Usihifadhi kamera ndani ya mkoba wake wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Iweke kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vipakiti vya silika.

Kamera bila kitazamio ni nusu ya chombo. Tafuta kile cha taa ya betri, na ukague kama betri za zamani hazikuvuja ndani. Filamu ya slaidi ya Ektachrome ilirudi sokoni mwaka 2018, hivyo Realist yako bado inaweza kufanya kazi. Slaidi za zamani za Kodachrome, ambayo huduma ya kuisafisha ilikoma mwishoni mwa 2010, hutunza rangi zake vizuri ajabu zikikaa gizani. Mara nyingi huuzwa kwa maboksi, zimetoka nyumba za watu, na baadhi zimeachana na fremu zake. Ukizipanga upya, angalia kitu cha karibu: katika picha ya jicho la kushoto kitakuwa kimeegemea kulia zaidi kuhusiana na mandhari ya nyuma. Ukizibadilisha pande, mlima utaonekana umesimama mbele ya mtu. Zikikaa sawa, utaona hata nafasi iliyopo kati ya kikombe na kisahani kwenye meza ya mwaka 1953.