Gari la zamani na remoki: uchunguze ponti kwanza

Ndugu msomaji, na zaidi wewe kijana unayepewa ufunguo wa gari la baba, unajua kazi ambayo pikapu moja ya zamani inafanya katika jamaa. Inatoka kando ya Ziwa Tshangalele na samaki na makala, inapanda mpaka Likasi, inarudi na unga, simenti na watu. Siku moja jamaa inanunua remoki, na hapo matata yanaanza. Motere inalia, mlima unakataa, ambreyaji inanuka kama mpira unaoungua. Fundi anasema: "Baba, tutafute motere ingine." Polepole, baba! Mara nyingi motere haina kosa. Kosa liko nyuma, ndani ya ponti.

Ponti ni ile tumbo la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake muko pinyo ndogo, inayozungushwa na kardani, na kurone kubwa inayozungusha magurudumu. Hesabu meno ya kurone, uyagawanye kwa meno ya pinyo. Katika Toyota Hilux za zamani utakuta meno 41 kwa 10, ni kusema 4,10. Au 41 kwa 9, ni 4,556. Au tena 39 kwa 8, ni 4,875. Magari yanafanana kwa nje, lakini tumbo si moja. Hii ndiyo sababu Hilux ya jirani inavuta vizuri na ya kwenu inakufa mlimani.

Namba ikiwa kubwa, motere inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Unapata nguvu, unapoteza mbio. Wanaosukuma makala kwa kinga wanajua jambo hili bila kusoma kitabu: meno ya nyuma yakiwa mengi, kupanda kunakuwa rahisi, lakini kwenye tambarare miguu inakimbia bure.

Tufanye hesabu kidogo, vijana msiogope. Gurudumu la 7.00-16 linatembea karibu metre 2,40 kwa mzunguko mmoja. Tuseme unaenda kilometa 72 kwa saa (nimechagua 72 juu hesabu itoke vizuri). Gurudumu linazunguka mara 500 kwa dakika. Katika vitesi ya nne, ambayo kwa magari mengi haya haibadilishi kitu, motere yenye ponti ya 4,10 inazunguka mara 2050. Yenye 4,875, karibu mara 2440. Nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu sehemu 19 kwa mia. Si kidogo! Ni kama umepunguza mzigo bila kushusha gunia hata moja.

Sasa angalia magurudumu. Vijana wanapenda kuweka mapana na marefu, gari lionekane mwanaume. Lakini gurudumu likizidi kwa sehemu 10 kwa mia, ponti yako ya 4,10 inafanya kazi kama 3,73. Kabla ya kutoa makuta ya ponti, rudisha magurudumu ya kipimo cha kiwanda. Pengine dawa ni hiyo tu.

Namna gani kujua ponti yako bila kuifungua? Simamisha gari mahali pa sawa, funga magurudumu mengine kwa mawe, inua gurudumu moja la nyuma kwa kriki na uliweke juu ya kitu kigumu. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake, hata dakika moja. Toa vitesi. Tia alama ya chaki, zungusha gurudumu mara mbili kamili, na mwenzako ahesabu mizunguko ya kardani. Mara nne na kidogo: ni 4,10. Karibu tano: ni 4,875.

Nikiulizwa, nitasema hivi. Kama gari linavuta vizuri kwa vitesi ya tatu na linakataa ya nne tu, baki na ya tatu, usinunue kitu. Kama ambreyaji inaungua hata kwa ya kwanza unapoanza kutembea, hapo ponti fupi ina maana. Kwa gari linalolala na remoki kila juma kati ya ziwa na Likasi, 4,556 au 4,875 inafaa. Kwa mwenye kukimbia bila mzigo kila siku mpaka Lubumbashi, kilometa 120 hivi, atalia na mazuti.

Gari la 4x4 lina ponti mbili, na zote zipate namba moja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, siku ya kuingiza 4x4 zitashindana mpaka kitu kivunjike. Tena kurone na pinyo ni mume na mke: zilisagwa pamoja, usioze moja ya gari hili na moja ya gari lile. Kuzipanga kunataka vipimo vya sehemu ndogo za milimetre. Tafuta mzee aliyejifunza kazi hiyo katika ateliye za Gécamines kule Panda, si kila mwenye nyundo.

Na breki? Ponti fupi inasaidia motere kushika gari mteremkoni, lakini haiongezi breki hata kidogo. Remoki nzito iwe na breki yake. Watu wasipande ndani yake, hata kwaya inayochelewa ibada.

Kisha kazi, kwa kilometa 800 za kwanza usifunge remoki. Tembea polepole, simama, acha ponti ipoe, baadaye badilisha mafuta yake. Na usishangae kontere ikidanganya: kama umetoka 4,10 kwenda 4,875, ikionyesha 60, kwa kweli unaenda 50 hivi.