Mbona milima ya mbali hugeuka kijivu pichani?

Apandaye Mlima Longonot mwezi wa Januari hufika ukingoni mwa kasoko akihema, viatu vimejaa vumbi. Akitupa macho magharibi, huliona Ziwa Naivasha limelala bondeni, na ng'ambo yake safu ya Mau. Hutoa simu au kamera akapiga picha. Jioni, nyumbani, hukuta utando wa kijivu umeimeza Mau, ziwa limefifia, na vichaka vya leleshwa vilivyokuwa karibu naye vimekuwa manjano. Aghalabu lawama humwendea aliyeunda kamera. Wengine huifuta picha hiyo, ilhali safari iliwagharimu nauli, kiingilio na jasho jingi.

Kamera, kwa hakika, haikudanganya. Kati ya mlima huo wenye urefu wa mita 2,776 na Mau mna kilomita nyingi za hewa, na hewa hiyo nayo hupigwa picha. Mwaka wa 1871 mwanasayansi Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza kwamba chembechembe ndogo mno za hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu. Ndiyo sababu mlima wa mbali huwa na rangi ya samawati. Vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa na matone ya mvuke ni vitu vikubwa zaidi. Hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na matokeo yake ni weupe. Binadamu hauoni weupe huo kwa ukali kwa kuwa ubongo wake huusahihisha bila kuombwa. Kamera haina ubongo wa namna hiyo.

Jambo lenye uzito kuliko yote, basi, ni mahali lilipo jua. Dereva wa matatu yenye kioo cha vumbi analijua hili: jua likimkabili usoni, haoni barabara, likiwa mgongoni, kioo kilekile hupitisha kila kitu. Ukungu nao hung'aa zaidi upande wa jua. Kwa hiyo Naivasha na Mau hupigwa picha asubuhi, jua likiwa bado mashariki, nayo Nyandarua hungojewa alasiri. Asubuhi ina faida nyingine, kwani upepo haujatimua vumbi wala joto halijapandisha mvuke. Bora zaidi ni asubuhi inayofuata usiku wa mvua, maana mvua huosha hewa.

Pili ni mizani ya rangi. Kamera ikiachwa ijiamulie, huona buluu nyingi na kuongeza manjano ili kuisawazisha. Hapo ndipo leleshwa iliponyauka pichani. Ni heri kuiweka kwenye alama ya jua, ambayo hukadiria mwanga wa mchana kuwa takriban Kelvini 5,500, na kuiacha hapo safari nzima. Mwenye kamera inayoweza kuhifadhi faili ghafi, na simu nyingi za leo huweza, afanye hivyo, kwa sababu mizani itarekebishika baadaye bila kuiharibu picha. Isitoshe, apunguze mwanga kidogo. Ukungu uliogeuka mweupe pe haurudishiki.

Wauzaji husifu vichujio. Kile cha kuzuia miale ya urujuanimno kilisaidia zama za filamu, lakini katika kamera ya dijitali kazi yake kubwa ni kukinga lenzi. Kichujio cha polaraiza, kizungushwacho kwa vidole, husaidia kwelikweli endapo jua liko ubavuni mwa mpigapicha. Hata hivyo hula zaidi ya nusu ya mwanga, na mbele ya vumbi zito hufua dafu kidogo tu.

Kisha yaja majaribu ya programu za kuondoa ukungu. Zikitumiwa kwa pupa, anga huiva, ziwa hung'aa mithili ya bahari, na mgeni aliyevutiwa na tangazo la picha hiyo hufika Longonot akajiona ametapeliwa. Ukungu una kazi yake. Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka wa 1519, aliwaagiza wachoraji waupake mlima wa mbali buluu zaidi kuliko wa karibu, kwani ndivyo jicho linavyopima umbali. Mau ikinyang'anywa buluu yote, huonekana kama kichuguu kilicho nyuma ya ziwa. Marekebisho yawe ya sehemu ya mbali pekee, na yawe haba.

Asiyeamini kumbukumbu yake apige kwanza picha moja ya karatasi nyeupe iliyoshikwa juani papo hapo kileleni. Jioni aisawazishe mizani hadi karatasi iwe nyeupe, kisha aitumie mizani hiyohiyo kwa picha nyingine zilizopigwa saa ile. Leleshwa itarudia rangi yake, nayo Mau itabaki samawati.