Dhoruba ya Jua Iliyopita Juu ya Eldoret

Ijumaa, Mei 10, 2024, saa mbili usiku na dakika chache kwa saa za Kenya, dunia ilipigwa na dhoruba kali zaidi ya jua tangu 2003. Ulaya na Amerika Kaskazini watu walitoka nje na simu zao kupiga picha anga lililogeuka jekundu na zambarau, na mianga hiyo ilionekana hadi Mexico. Eldoret hakukuwa na cha kupiga picha. Dhoruba ilifika kileleni karibu na alfajiri ya Jumamosi, na huku Uasin Gishu hakuna aliyeiona.

Jumapili yake intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na Uganda. Aliyekuwa amesoma habari za jua angeweza kuapa kwamba amempata mhalifu, lakini jua halikuhusika. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Ni matukio mawili yaliyoangukia wikendi moja tu. Mkanganyiko wa aina hii ndio unaofanya iwe muhimu kujua jua humfanyia nini hasa mtu anayeishi karibu na ikweta, na ni lipi jua linasingiziwa.

Jua lenyewe ni gesi ya moto iliyojaa umeme, na nguvu zake za sumaku hazitulii. Nguvu hizo huinua juu ya uso wa jua mikanda mirefu ya gesi nzito, yenye joto la nyuzi 10,000 hivi, ilhali korona, tabaka la nje la jua linaloizunguka, imepita nyuzi milioni moja. Mkanda ukitazamwa mbele ya uso wa jua huonekana mweusi. Ukiwa ukingoni huwaka mwekundu. Unaweza kuning'inia hivyo kwa wiki kadhaa. Kisha sumaku inayoushikilia inasokotwa kupita kiasi, inakatika kama kamba, na mkanda unaruka pamoja na kipande cha korona: mabilioni ya tani za gesi zikiburuta sumaku yake. Agosti 31, 2012, mkanda wa namna hiyo ulifyatuka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,400 kwa sekunde. Haukuilenga dunia sawasawa, ila uliipangusa, na siku tatu baadaye mianga ikaonekana kaskazini ya mbali.

Ya Mei 2024 ilikuwa nzito zaidi. Kundi moja la madoa ya jua, lenye upana wa dunia 15 hivi zikipangwa mstari, lilirusha milipuko kadhaa mfululizo; ya nyuma ikaifikia ya mbele, ikatua kwetu karibu kwa mkupuo. Wanasayansi waliipa dhoruba hiyo jina la Jennifer Gannon, mtafiti wa Marekani wa fani hiyo hiyo aliyefariki siku chache kabla.

Kwa nini basi Eldoret haikuona mwanga? Chembe zinazowasha anga hushuka kwa kufuata mistari ya sumaku ya dunia, na mistari hiyo huinama kuelekea ardhini karibu na ncha za dunia. Huku kwetu imelala. Lakini kutoona mwanga si sawa na kusalimika. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa, kama kilomita elfu moja kaskazini mwa Eldoret. Juu yake, kila mchana, elektroni za ionosfia, tabaka la juu la angahewa, huinuliwa, kisha huteleza kusini na kaskazini na kurundikana katika mikanda miwili. Ule wa kusini huwa juu ya Tanzania. Eldoret imekaa katikati ya mahali elektroni zinapoinuliwa na mahali zinaporundikwa, na dhoruba ikija mpangilio wote huvurugika: mara mikanda inasukumwa mbali zaidi, mara elektroni zinakosa kupanda kabisa.

Mawimbi yote ya GPS hupenya ionosfia hiyo. Elektroni zikiwa nyingi huyachelewesha, na katika miaka ya jua kali kosa hilo mchana huweza kupita mita kumi lisiposahihishwa. Mwanariadha wa Kaptagat mwenye saa ya GPS mkononi huenda asijali mita mbili tatu. Mpima ardhi anajali. Chukua shamba la urithi huko Kapseret linalogawanywa kati ya ndugu watano. Mpima anasimamisha kifaa juu ya miguu mitatu, anazunguka na fimbo yenye antena, na kioo kinamwambia kama kipimo kimetulia kwa sentimita au bado kinaelea. Kikielea, bikoni ya mpaka haipigwi. Ndugu wamesimama pale, wakimsubiri, na wakwe nao.

Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa na kipokezi cha setilaiti ambacho watafiti wa ionosfia wanakijua kwa herufi nne, MOIU. Takwimu zake, pamoja na za Malindi, Nairobi na Mbarara, zimetumika katika tafiti nyingi kuhesabu elektroni zilizo juu ya Afrika Mashariki. Ni kifaa kidogo, na thamani yake ni kubwa kuliko umbo lake: bara hili lina vipimo vichache, na mifano ya kompyuta iliyojengwa kwa takwimu za Ulaya na Marekani huyumba ikifika ikweta. Vipokezi vya aina hii vinastahili fedha za kuvitunza mwaka hadi mwaka, si za kuvisimika tu.

Umeme nao hauko salama kwa sababu tu tuko Afrika. Baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, transfoma kadhaa za gridi ya Afrika Kusini ziliharibika, na wahandisi walihusisha uharibifu huo na mikondo iliyozushwa na dhoruba. Nchi hiyo sasa ina kituo mjini Hermanus kinachofuatilia hali ya hewa ya anga za juu saa 24, kilichozinduliwa Novemba 2022.

Dhoruba hizo za 2003 zilikuja miaka miwili hivi baada ya jua kufika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11. Kilele cha mzunguko wa sasa kilitangazwa Oktoba 2024, kwa hiyo miaka inayofuata bado ina hatari. Kwa mpima ardhi wa Eldoret, la kufanya ni dogo: atazame utabiri wa dhoruba za jua kabla ya kupanga siku, na vipimo vinavyodai usahihi wa sentimita avifanye asubuhi, kwa kuwa elektroni hujaa zaidi kati ya saa saba na saa kumi alasiri. Wanaotegemea mawimbi ya GPS usiku, wakiwamo marubani, wawe macho hasa Machi na Septemba, miezi ambayo ionosfia ya ikweta huchafuka mara nyingi kuanzia jua linapozama hadi karibu na usiku wa manane.